Kiongozi asiyekosolewa



Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400 za watu walioelezwa kuwa wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, wakiwamo watoto wengi. Upande wa mashitaka ulisema waliambiwa wajinyime chakula hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri huyo alikana mashitaka, nasi tunayaacha hayo kwa mahakama. Linalotushughulisha ni jingine: baba wa familia hufikaje mahali pa kumtazama mwanawe akifa kwa njaa, na bado akaamini kuwa yuko katika haki?

Tusiharakishe kusema hayo ni ya wenzetu. Mjini Kano, Nigeria, Desemba 1980, maelfu ya watu walikufa katika mapigano yaliyozushwa na wafuasi wa Maitatsine, mtu aliyeanza kwa kusomesha Qur'ani na kukemea anasa za matajiri. Na kabla yake, karne nyingi, alikuwapo Musailima wa Yamama, aliyedai utume wakati Mtume (S.A.W.) yu hai. Vitabu vya historia vinasimulia kuwa mtu mmoja wa kabila la Rabia alimwendea Musailima, akamhoji, akatambua kuwa ni mwongo. Hata hivyo alibaki naye, kwa hoja kwamba mwongo wa kwao alimpendeza kuliko mkweli wa Mudhar.

Mtu yule hakudanganywa. Alijua, akachagua wa kwao. Na hapa ndipo mzushi wa dini na mwanasiasa wa kushangiliwa wanapochota katika kisima kimoja.

Idi Amin alipotwaa madaraka Uganda, Januari 1971, umati ulijaa mitaa ya Kampala kwa furaha. Alikuwa mcheshi, akisema na watu kwa lugha yao. Agosti 1972 alitangaza kuwa Mwenyezi Mungu amemwotesha awafukuze Waasia, akawapa siku 90. (Tazama jinsi mwanasiasa alivyojivika joho la mitume!) Wengi walishangilia, kwani duka la Mhindi lilionekana kwa macho, ilhali sababu nyingine za ufukara hazionekani. Miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo Waislamu wengi. Maduka yakaangukia mikononi mwa askari na wapambe. Sukari, chumvi na sabuni zikaadimika. Mwaka 1976 akawa Rais wa maisha. Nao walikuwapo Waislamu waliomtetea kwa sababu tu aliswali pamoja nao. Wa Rabia wale wale.

Ni haki kukiri kwamba watu wa aina hii huanza na malalamiko ya kweli. Ada ya shule haipatikani, hospitali haina dawa, mwenye ofisi hamsikilizi mnyonge. Kisha humtaja adui mmoja, hujitaja wenyewe kuwa ndio tiba pekee, na kuanzia hapo anayeuliza swali huwa kafiri katika kundi na msaliti katika chama. Mzazi anayemwona kijana wake akikata udugu, akiuza kiwanja kwa amri ya kiongozi wake na kukasirika kila anapoulizwa kwa nini, asingoje dalili nyingine.

Mtume wa Allah (S.A.W.) hakuwa hivyo. Mwaka wa 10 Hijria alifiwa na mwanawe mdogo, Ibrahim, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba wake. Angenyamaza tu, nani angempinga? Naye, katika huzuni ya kumzika mtoto, aliwaeleza kuwa jua na mwezi ni ishara za Allah, wala havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu yeyote. Alikataa utukufu usio wake, ulioletwa mlangoni bila ya kuuomba.

Masahaba zake walilielewa somo hilo. Mwaka wa 17 Hijria, Umar bin Khattab (R.A.) alimwondoa Khalid bin Walid (R.A.) katika uongozi wa jeshi, ilhali ushindi wake ulisifiwa Sham na Iraq. Imepokewa kuwa Umar aliwaeleza watu kwamba hakumwondoa kwa hasira wala kwa hiana. Alichelea watu wamtegemee Khalid, wakasahau kuwa mtoa ushindi ni Allah. Khalid aliona uchungu, na alimweleza Khalifa uchungu wake. Lakini hakukusanya askari, hakuanzisha kundi lake, wala mashabiki wake hawakuchoma mji. Alifariki mwaka wa 21 Hijria kitandani mwake, na imepokewa kuwa usimamizi wa wasia wake alimwachia Umar.