Tusikarabati Chombo Tukatupa Majina Yake

Kukarabati chombo cha tanga si kazi ya randa na msumari pekee. Ni kazi ya lugha pia. Baadhi ya majahazi ya Lamu yaliyozoea kuchukua boriti siku hizi huchukua watalii, na mahitaji ya mtalii si ya boriti. Hutakiwa mahali pa magodoro, vyakula, maji ya kunywa na barafu. Basi chombo hupandishwa pwani, mbao za ndani hubanduliwa, na fundi huanza kupima upya kila pembe.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Fundi mzee husema feuli, yaani nafasi ya kuhifadhia vitu iliyo tezini, upande wa nyuma. Husema pia ngama, ule uvungu wa chini kabisa ambamo maji hukusanyika yakakumbwa. Kijana anayemsaidia huziita zote mbili stoo. Sasa baharia mgeni akiagizwa aweke unga stoo, atauweka wapi? Akiutia ngamani, utalowa. Majina ya fundi yalimwonya mtu kabla hajakosea, stoo haimwonyi.

Wako watakaosema kwamba lugha hukua kwa kukopa. Nakubaliana nao. Nahodha na nanga ni maneno yenye asili ya Kiajemi. Kasha na bweta yametokana na Kireno. Lakini wazee wetu walikopa ili wapate walichokikosa. Kisanduku cha barafu kikiingia jahazini, tukiite kasha la barafu au tukitafutie jina jingine, hapana ubaya. Ubaya ni kukopa neno moja likafuta mawili yanayotofautisha mambo.

Hasara hii imekwisha kuingia madarasani. Wanafunzi hukariri methali, "Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani," wakaambiwa maana yake ni kwamba mtu hurudi kwao. Aghalabu hawaambiwi kuwa omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma, na ngama ni chini. Methali hubaki maganda matupu.

Mwaka 1965 mtaalamu A.H.J. Prins alichapisha kitabu kizima, Sailing from Lamu, juu ya ubaharia wa huko. Je, sisi wenye lugha tumeandika nini?

Walimu wenzangu, tunapofundisha sajili hukimbilia mahakama, hospitali na uwanja wa kandanda. Tuongeze gati la fundi. Mliopo Lamu, wapelekeni wanafunzi Matondoni wakati chombo kimebanduliwa mbao, kwani hapo ndipo viungo vyake huonekana. Kila mmoja achore sehemu za ndani, amuulize fundi jina la kila moja na kazi yake, kisha michoro hiyo itumwe kwa shule za bara. Mbao mpya zikishapigwa misumari, sehemu hizo hufunikwa, na fundi mwenye majina yake hatatungoja milele.