Maumivu yana lugha yake

Mayfair, magharibi tu mwa katikati ya Johannesburg, ni mtaa wa Wasomali, Waethiopia na watu wengine wa Afrika Mashariki. Wengi walikimbia vita, kisha wakakutana na mashambulizi dhidi ya wageni ya mwaka 2008, yaliyoua watu zaidi ya 60 nchini Afrika Kusini. Kijana aliyebeba mzigo huo ana haki ya kutibiwa, kwani Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inampa huduma za msingi za afya. Ipo pia simu ya bure ya SADAG, shirika la afya ya akili, 0800 567 567, inayopokelewa usiku na mchana. Haki hiyo hukwama pale anayepokea asipojua Kiswahili wala Kisomali. Kumfanya mtoto amtafsirie mzazi anayetaka kufa ni ukatili kwa wote wawili. Kliniki zinahitaji wakalimani waliofunzwa kabla ya mabango na kampeni.

Wapo watakaosema msikiti unatosha. Dua hutuliza kweli, na mara nyingi sheikh ndiye wa kwanza kuambiwa. Basi naye afundishwe kutambua hatari na kumsindikiza mtu kwa daktari. Wengine watauliza kwa nini wageni, ilhali raia hawatoshelezwi. Uchungu wao nauelewa: wagonjwa 144 wa akili walikufa katika mkasa wa Life Esidimeni, baada ya serikali ya jimbo la Gauteng kuwahamisha ili kubana matumizi. Lakini waliowaua hawakuwa wageni. Ni ubahili uleule unaomnyima mkimbizi mkalimani.