MOTO HAUNGOJI MAFUNZO

Wako watu wanaodhani kwamba kuzima moto ni kazi ya ushujaa tu: kengele ikilia, kila mwenye nguvu ashike ndoo na kukimbia. Sisi hatukubaliani na fikira hiyo hata kidogo. Ushujaa usiofunzwa huzidisha fujo, na penye moto fujo huua watu. Ushahidi tunao katika habari za Durlach, ambao zamani ulikuwa mji mdogo kusini-magharibi ya Ujerumani.

Hapo zamani, katika miji ya nchi ile, raia walilazimika kwenda motoni na ndoo zao za ngozi. Walijipanga mstari, wakapokezana maji mkono kwa mkono. Watu walikuwa wengi, lakini kila mmoja aliamuru na wachache walitii. Mwaka 1846 mji wa Durlach ulipata pampu mpya iliyoundwa na Carl Metz, fundi wa Heidelberg. Pampu hiyo ilisukumwa kwa nguvu za mikono na kurusha maji kwa mpira. Christian Hengst, aliyekuwa msimamizi wa majenzi ya mji, alifahamu kwamba chombo kizuri mikononi mwa wasiojua kukitumia ni mzigo tu. Basi mwaka ule ule aliunda kikosi cha watu wa kujitolea, wakiwemo vijana waliozoea michezo ya viungo, akawafundisha.

Msingi wa mafunzo ya namna hiyo ni kila mtu kujua mahali pake. Wasukumaji wa pampu hawana budi kwenda kwa mwendo mmoja, la sivyo maji hukatika. Wenye mpira lazima wajue kuutandaza bila kuupinda. Wapanda ngazi lazima wazoee kupanda kabla ya kuona moshi. Na wote wamtii kiongozi mmoja. Mambo haya hayafundishiki usiku wa moto.

Kikosi cha Durlach hakikungoja sana kupata mtihani wake. Tarehe 28 Februari, 1847, kabla hakijatimiza mwaka, jumba la michezo ya kuigiza la mji mkuu jirani, Karlsruhe, lilishika moto kutokana na taa ya gesi. Watu zaidi ya 60 walikufa. Watu wa Durlach wakafika na pampu yao, wakafanya kazi kwa utaratibu, wakasaidia kuuzuia moto usienee katika majengo ya jirani. Waliokufa hawakurudi, lakini mwaka huo huo Karlsruhe nayo ikaunda kikosi cha kujitolea, na miji mingine ikafuata. Mji mkuu ulijifunza kutoka mji mdogo, tena kwa gharama ya roho za watu. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Sisi twasema kwamba funzo hilo halijachakaa. Mpaka leo mji mdogo unaweza kununua pampu, ukapiga picha, kisha pampu ikafungiwa ghalani. Pampu iliyofungiwa ghalani haizimi moto. Mpaka leo wako wanaowacheka vijana wanaopiga kwata na ngazi siku ya mapumziko, wakisema wanacheza. Hawachezi. Wanalipa mapema deni ambalo moto ungelidai kwa nguvu.

Kwa hiyo, viongozi wa miji na wakuu wa kazi hawana budi kuwapa watu wa kujitolea nafasi ya kufanya mazoezi kila mara, bila kuwakata mshahara. Mwenye kujitoa kwa ajili ya wenzake asiadhibiwe kwa wema wake. Nanyi ndugu wafanyakazi, jiandikisheni, mwende mazoezini hata siku ambazo hakuna moshi unaoonekana. Siku hizo tulivu ndizo zitakazoamua nani atatoka salama siku ya moto.