Mpira Haumfanyi Mtoto Kuwa Mtoro

Katika vikao vya wazazi hakosekani wa kuinuka na kusema: fungeni klabu, fungeni michezo, watoto wakae darasani. Wanaosema hivyo wanawapenda watoto wao, ndiyo maana madai yao yanastahili kujibiwa moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: michezo inakula vipindi. Hapa mambo mawili yanachanganywa. Kambi ya UMITASHUMTA au UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari, huwachukua wachache waliochaguliwa, na kweli huwatoa darasani kwa siku kadhaa. Shule isiyowafidia masomo yale inawakosea. Lakini kwaya, skauti, Klabu ya Malihai ya uhifadhi wa mazingira au mazoezi ya saa kumi jioni haviligusi somo lolote. Hatuwezi kuvunja kwaya ya watoto arobaini kwa sababu ya kambi ya watoto watatu. Na kufuta tulikwisha kujaribu: mwanzoni mwa miaka ya 2000, Joseph Mungai akiwa Waziri wa Elimu wa Tanzania, mashindano ya michezo shuleni yalisimamishwa ili watoto wasome. Baadaye yakarudishwa. Utoro tulibaki nao muda wote huo.

Dai la pili: wapenda mpira ndio watoro. Marekani walihesabu. Ripoti ya serikali ya mwaka 1995 iliwaangalia wanafunzi waliokuwa wakimaliza sekondari mwaka 1992. Kati ya walioshiriki michezo na klabu, nusu hawakukosa shule hata siku moja bila ruhusa katika muhula uliopimwa. Kati ya wasioshiriki, ni kama theluthi tu. Mtu atasema wanaojiunga na klabu ni wale wale wenye bidii tangu awali. Pingamizi hilo lina uzito, na ripoti ile haithibitishi kwamba klabu ndizo zilizowaleta shuleni. Lakini dai kwamba mpira huzaa watoro halipati msaada wowote humo.

Mimi naamini klabu huwavuta, na sababu yangu ni hii. Katika darasa la watoto themanini, anayekaa dawati la nyuma anaweza kukosa siku tatu asiulizwe na mtu. Mwalimu ataweka alama kwenye daftari la mahudhurio, basi. Mtoto huyo huyo akiwa mpiga ngoma wa bendi ya shule, pengo lake linasikika mstarini asubuhi ile ile. Wenzake wanamwulizia, na jioni mmoja anapita kwao kujua kuna nini. Mtoto anayejua kwamba anangojwa hupata sababu ya kuamka.

Dai la tatu: basi mtoro anyimwe mpira. Jimbo la Texas, Marekani, lilitunga sheria ya aina hii mwaka 1984: aliyefeli somo hachezi. Naelewa nia yake, ila kwa mtoro tunakata kamba ya mwisho inayomshikilia shuleni. Inatosha kudai awe amehudhuria vipindi vya siku hiyo ndipo aingie uwanjani jioni. Leo hakuja, leo hachezi. Kesho akija, anacheza.

Dai la mwisho ni letu sisi tunaotetea michezo: klabu zitamaliza utoro. Hazitamaliza, kwa sababu utoro una vyanzo vingine pia. Huko Busia, Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba dawa za minyoo zilipunguza kukosa shule kwa takriban robo. Mtoto mwenye njaa, anayetembea kilomita nane, au msichana asiye na taulo za kike, hatuwezi kumwitia mpira tukadhani tumemsaidia.

Nawaomba walimu wakuu jambo moja. Fungueni daftari la mahudhurio, mtafute siku yenye mapengo mengi kuliko zote. Vijijini mara nyingi ni siku ya gulio. Klabu ziwekeni siku hiyo, halafu mhesabu tena mwisho wa muhula.