Walioondoka nao walilijenga kanisa

Kanisa la mashambani likitimiza miaka hamsini au mia huku kandokando ya Ziwa Victoria, kijitabu cha jubilei huanza vilevile: mzungu alifika, akahubiri, kijiji kikaongoka. Wakazi wa Kaloleni, Kisumu, wanaorudi dala, yaani nyumbani kijijini, kwa harusi na matanga, wanakijua kijitabu hicho. Kina upungufu mkubwa. Ni kweli reli ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901, na J. J. Willis wa CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana, akaanzisha misheni ya Maseno mwaka 1906. Lakini wamisionari wachache wangewezaje kufika kila kijiji cha Nyanza? Waliofika ni vijana waliosoma Maseno, wakarudi kwao, wakakusanya wenzao kufundishana herufi na katekisimu kwa mkupuo mmoja. Ndiyo sababu Wakristo wa mwanzo waliitwa josomo, yaani wasomaji. Jina hilo latwambia watu walifuata nini: kitabu kwanza, na mengine humo kitabuni.

Na msomaji hatawaliki kirahisi. Johana Owalo, aliyepitia Ukatoliki, Uanglikana na Uislamu, alianzisha kanisa lake la Nomiya kabla Vita vya Kwanza vya Dunia havijaisha. Desemba 1921, walimu kama Jonathan Okwiri walikuwa Lundha, Gem, wakipinga kodi na kipande, kitambulisho cha lazima cha wafanyakazi Waafrika. Mwaka 1957 Matthew Ajuoga na wenzake wa Johera, watu wa upendo, walijitenga na Waanglikana wakaunda Church of Christ in Africa. Katika vijitabu vya jubilei, hawa wote huishia sentensi moja ya aibu, kama hutajwa hata kidogo.

Wapo watakaosema huku ni kutonesha vidonda: ndugu waligawanyika, sasa wanazikana kwa amani, ya nini kukumbusha? Hofu hiyo ina msingi, maana mifarakano hiyo ilipasua nyumba za watu. Ila kunyamaza nako ni kuchagua upande, upande wa aliyebaki na jengo. Wengine watauliza kama nataka kuwafuta wamisionari, walioleta shule na mitambo ya uchapaji. Hasha. Biblia nzima ya Dholuo ilitoka 1953, na kazi ya namna hiyo haikamiliki bila mwenyeji wa kumsahihisha mgeni neno kwa neno. Wote wawili waandikwe.

Ushahidi upo, ila unaliwa na mchwa. Daftari la ubatizo, ambalo kwa miaka mingi ndilo lililothibitisha umri wa asiye na cheti cha kuzaliwa, hulala kwenye sanduku la bati ofisini kwa kasisi. Kabla ya kubomoa kanisa la zamani ili kujenga la mawe, yafaa kamati ya jubilei inakili daftari hilo, kisha ivuke barabara ikaketi na wazee wa Johera na wa Nomiya. Wapo watakaoyakuta humo daftarini majina ya baba zao.