Wenye Picha na Waandike Majina

Kuanzia Kitai, pale barabara ya kwenda Lituhi inapoachana na ile ya Songea na Mbinga, hadi Liuli na Mbamba Bay kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, nyumba nyingi zina picha za zamani. Zimo ndani ya bahasha ya kaki chini ya sanduku, au zimebanwa kwa pamoja ndani ya fremu moja ukutani. Nyuma yake mara nyingi hapana neno hata moja. Wanaozijua sura hizo ni wazee, nao wanaondoka mmoja mmoja. Zamani jambo hili lilikuwa la kusikitisha tu. Sasa ni la hatari, kwa kuwa teknolojia inayokuja itajaza kila pengo wanaloliacha, tena kwa uongo unaopendeza macho.

Tangu mbinu ya Daguerre ilipotangazwa Ufaransa mwaka 1839, picha ilikuwa na sharti moja: mtu au kitu kiwepo mbele ya kamera. Filamu iliondoka, kamera za dijitali zikaingia, na sharti likabaki palepale. Akili mnemba imeliondoa. Mtu huandika maneno machache, mashine ikamtolea sura ya mtu asiyewahi kuzaliwa. Aprili 2023 Mjerumani Boris Eldagsen alishinda kipengele kimoja cha tuzo za Sony World Photography kwa picha ya namna hiyo, kisha akaikataa tuzo, akisema kuwa kilichotengenezwa na mashine kisishindanishwe na kilichopigwa kwa kamera.

Lakini mwana Mbinga hana haja ya kutazama tuzo za Ulaya ili aione hatari. Imo ndani ya simu ya mjukuu.

Tuseme ipo picha ya babu, nyeusi na nyeupe, yenye kingo za menomeno. Amesimama studio, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti, koti limemzidi mabega. Unyevu umelila shavu la kushoto, na chini ya jicho pana kovu. Mjukuu anaiingiza kwenye programu ya kurekebisha picha. Sekunde chache baadaye babu anarudi akiwa na rangi, ngozi laini, macho yanang'aa, na kovu halipo. Mashine imelihesabu kuwa doa. Picha mpya inatumwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo, inachapwa kubwa kwa ajili ya misa ya kumbukumbu, na ile ya asili inatupwa. Vitukuu watamkumbuka mtu ambaye hakuwahi kuwapo.

Ushahidi wa jambo hili upo. Mwaka 2020 programu iitwayo PULSE, kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, ilipewa picha ya Barack Obama iliyofifishwa, nayo ikarudisha uso wa mzungu. Programu za aina hii hazina uwezo wa kuona kilichofutika. Zinakisia kutokana na nyuso zilizotumika kuzifundisha, na nyingi kati ya nyuso hizo ni za wazungu. Ikiwa mtoto wa Mkenya aliyefika Ikulu ya Marekani amegeuzwa hivyo, mzee wa Kimatengo asiyejulikana nje ya kijiji chake atatetewa na nani?

Upo pia ubaya wa upande wa pili: picha ya kweli kukataliwa. Mohamed Amin, Mkenya aliyeanzisha Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963, alipiga picha za njaa ya Ethiopia mwaka 1984, na dunia ikainuka kutoa msaada kwa sababu iliamini ilichokiona. Kesho mashua ikizama Ziwa Nyasa, au maporomoko yakifunika shamba la kahawa milimani, anayetaka kukwepa wajibu atasema picha hizo zimetengenezwa. Atajibiwaje, kama mpigaji hajulikani, siku haijulikani, na mahali hapajulikani?

Haifai kuhubiri kwamba simu zitupwe. Programu ya Nuru, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Penn State, taasisi ya IITA na FAO, humwezesha mkulima kuelekeza kamera ya simu kwenye jani la muhogo na kuambiwa kwa Kiswahili ugonjwa unaolisumbua, hata pasipo intaneti. Kwa watu wa ufukweni wanaoishi kwa muhogo na samaki, hiyo ni neema. Kamera hapo inatumwa kutazama kilichopo, na hiyo ndiyo kazi yake ya haki.

Wenye viwanda vya kamera nao wanatafuta dawa ya picha za kweli kukataliwa. Oktoba 2023 kampuni ya Leica ilitoa kamera ya M11-P, inayoweza kutia picha muhuri wa kidijitali wa kuonyesha ilikotoka na kama imebadilishwa. Bei yake ilizidi dola 9,000. Mpiga picha za pasipoti wa Mbinga mjini hawezi kuingoja. Muhuri wake na uwe maandishi: jina, siku, mahali.

Hasara ya kukosa maandishi hayo inajulikana. Katika picha nyingi za enzi ya Wajerumani zilizobaki Ulaya, ofisa anatajwa kwa jina na cheo, na Waafrika waliobeba mizigo yake wameandikwa wapagazi tu.

Basi wenye picha wasikawie. Picha ya asili isitupwe, na iliyorekebishwa iandikwe kuwa imerekebishwa. Wapiga picha waombe ruhusa kabla ya kusambaza sura za watu, hasa watoto, wakikumbuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na shule za sekondari za Mbinga na Nyasa ziifanye kuwa kazi ya likizo: kila mwanafunzi achukue bahasha ya ukoo wake, akae na mzee, aulize ni nani, wapi, lini, na nani aliyepiga. Aandike nyuma kwa penseli laini, asikandamize. Kisha apige nakala ya mbele na ya nyuma, mchana, kivulini, bila flashi. Orodha ikikamilika isomwe mbele ya ukoo, wanaojua wasahihishe palipokosewa, na jina la aliyesahihisha liandikwe pia.