Mkarafuu Katika Daftari



Katika mkutano uliopita ndugu yetu mmoja aliuliza kwa nini daftari la chama laonyesha hasara hali ya kuwa mikarafuu ya shamba letu imezaa hata matawi yainama. Akataka mikarafuu ithaminiwe kwa bei ya leo, iandikwe faida, na faida igawanywe. Wengi walimpigia makofi. Mimi sikupiga, na sababu yangu ni hii.

Ndugu yule hakusema upuuzi. Wenye ilimu kubwa walipata kusema kama yeye. Disemba mwaka 2000 Kamati ya Kimataifa ya Kanuni za Hisabu, iliyoanzishwa London mwaka 1973, ilipitisha kanuni ya 41, ya ukulima. Ilitaka mti uandikwe kwa thamani ya sokoni, baada ya kutoa gharama za kuuzia. Na kila ipandapo au ishukapo thamani hiyo, tofauti iingie katika faida au hasara ya mwaka. Nia ilikuwa njema: hisabu imfae mwenye kuisoma apate kuamua, na ioneshe hali kama ilivyo.

Walakini nani auzaye mkarafuu wenyewe sokoni? Twauza karafuu, mti wabaki shambani, na ukizeeka huwa kuni. Basi wenye mashamba makubwa ya michikichi wakawa wakikisia mapato ya miaka mingi ijayo, na mwenye kukisia huweza kukisia apendavyo. Malalamiko yakatoka, khasa Malaysia. Mwaka 2014 Bodi iliyorithi kazi ya kamati ile ikarekebisha, na tangu Januari 2016 mti uzaao mwaka baada ya mwaka huhesabiwa kama mtambo: yaweza kuandikwa gharama yake, ikapunguzwa kidogo kidogo kwa miaka ya uhai wake. Tunda lililo juu yake ndilo lililobaki katika thamani ya sokoni.

Hapo ndugu yetu atanikamata: basi karafuu za mtini zithaminiwe! Naam, na zithaminiwe. Lakini kuthamini si kugawana. Mchumaji hulipwa fedha kwa kila pishi, hapokei makisio. Nami nimekulia nyumba iliyokula karafuu za mtini. Marehemu baba alikopa msimu mmoja kwa kuzitazama tu. Mvua ikanyesha siku za kuanika, na deni lile tulililipa miaka minne.

Mabwana wa Bodi, ambao zaidi huwakusudia wenye mitaji na wakopeshaji, waliliondoa neno tahadhari katika misingi yao mwaka 2010, wakalirudisha mwaka 2018. Nimefurahi limerudi.

Rai yangu: miche na palizi ziandikwe kwa gharama. Karafuu za mtini ziwekwe safu yake mbali, pamoja na maelezo ya namna tulivyokadiria, na kisigawanywe kitu mpaka zipimwe kituoni na fedha ziingie. Mwenye shaka aje. Daftari li wazi juu ya meza ya ofisi kila Jumamosi, asubuhi mpaka adhuhuri.

Katibu